Swali Moja, Mara 12

Usiku wa tarehe 13 Mei 1997, kwenye kipindi cha Newsnight cha BBC, mtangazaji Jeremy Paxman alimuuliza Michael Howard, mwanasiasa wa chama cha Conservative cha Uingereza, swali kuhusu aliyekuwa mkurugenzi wa magereza, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa hivi: "Ulitishia kutengua uamuzi wake?" Howard akajibu, ila hakujibu hilo. Paxman akauliza tena. Howard akajibu tena jingine. Wakaendelea hivyo, mmoja anagonga mlango, mwingine anachungulia dirishani na kusema mwenye nyumba hayupo. Hesabu iliyozoeleka ni mara 12. Wapo wanaofika 14, kutegemea kama unahesabu na zile mara ambazo swali lilikatizwa katikati au lilizungushwa kwa maneno mengine.

Nimekitazama kipande hicho mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwa miaka kadhaa nilikaa upande wa pili wa kioo nikiandaa kipindi cha asubuhi cha redio, na karibu kila mtangazaji kijana aliyepita mikononi mwetu alikuwa ameshakiona mtandaoni. Wote waliondoka na funzo lilelile: mbane mgeni, rudia, usimwachie. Waliokota ganda, korosho yenyewe wakaiacha chini.

Tuanze na kisa, maana bila kisa swali lile halina uzito wowote. Januari 1995 wafungwa watatu walitoroka gereza la Parkhurst, kwenye Kisiwa cha Wight kusini mwa Uingereza, kwa ufunguo waliouchonga wenyewe humohumo gerezani. Walikamatwa siku chache baadaye wakiwa bado kisiwani, lakini aibu ilikuwa imeshaingia. Septemba iliyotangulia wafungwa sita, wengi wao wa IRA, kundi la silaha lililopinga utawala wa Uingereza huko Ireland Kaskazini, walikuwa wametoroka gereza jingine, Whitemoor. Serikali ya Waziri Mkuu John Major ilijinadi kwa ukali dhidi ya uhalifu, na Howard, Waziri wa Mambo ya Ndani, ndiye aliyeuambia mkutano wa chama chake mwaka 1993 kwamba jela inafanya kazi. Sasa jela ilikuwa haifungi.

Mkuu wa Parkhurst aliitwa John Marriott. Juu yake alikuwepo Derek Lewis, Mkurugenzi Mkuu wa Magereza, mtu aliyetokea kwenye biashara ya televisheni wala hakupanda ngazi akiwa na sare. Mwaka 1993 Magereza ilikuwa imegeuzwa wakala wa serikali: waziri anashika sera, mkurugenzi anashika uendeshaji. Kwenye karatasi mgawanyo huo unapendeza. Siku mambo yanapoharibika ndipo watu huanza kuulizana mpaka umepita wapi.

Lewis aliamua Marriott aondolewe Parkhurst na kupewa kazi nyingine. Kwa maelezo ya Lewis mwenyewe, Howard alitaka mtu huyo asimamishwe kazi, na alipoambiwa haitakuwa hivyo, alilipuka. Kumhamisha tu, alisema, kutaonekana kama kusitasita, na Lewis asipobadili msimamo, waziri itabidi afikirie kuutengua uamuzi wake. Mwishowe Marriott hakusimamishwa, alihamishwa. Oktoba mwaka huohuo ripoti ya Jenerali John Learmont kuhusu usalama wa magereza ikatoka, na Howard akamfukuza kazi Lewis. Upinzani ulipomvaa bungeni, Howard alijitetea kwa mpaka uleule: uendeshaji ulikuwa wa Lewis, mimi sikumwagiza. Mjadala ule aliushinda vizuri tu. Lewis naye alifungua madai ya kufukuzwa kinyume cha mkataba, na serikali ikamlipa.

Hapo ndipo penye kiini. Kama waziri alitishia kuuvuka mpaka, basi utetezi wa "mimi nipo upande huu, yeye yupo upande ule" unalegea, na kumfukuza Lewis kwa makosa ya uendeshaji kunaanza kunuka. Kama hakutishia, Lewis ni mwongo.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Tarehe 1 Mei 1997 chama cha Conservative kikaangushwa vibaya, kikabaki na viti 165 dhidi ya 418 vya Labour. Major akatangaza kuuachia uongozi wa chama, Howard akajitosa kuutaka. Papo hapo Ann Widdecombe, aliyekuwa naibu wake aliyeshughulikia magereza, akasimama hadharani upande wa Lewis, na maneno yake kwamba ndani ya Howard kuna "kitu cha usiku", yaani giza fulani la kutia shaka, yakasambaa London nzima. Kwa hiyo mgeni aliyekaa mbele ya Paxman usiku ule hakuburutwa studio. Alikuwa anaomba kura za wabunge wenzake, na alihitaji kuonekana.

Paxman hakuanza na swali. Alianza na karatasi. Alisoma maelezo ya Lewis kwa sauti, akitulia kwenye viwakilishi ili mtazamaji asipotee: huyu "yeye" ni wewe. Akalisoma lile neno la kulipuka, akaisoma ile sentensi ya kufikiria kutengua uamuzi, kisha akasema hamwezi nyote wawili kuwa wakweli. Howard akajibu kwamba Marriott hakusimamishwa kazi, na kwamba yeye kama waziri alikuwa na haki ya kutoa maoni na ya kushauriwa.

"Ulitishia kutengua uamuzi wake?"

"Sikuwa na mamlaka ya kumwagiza Derek Lewis, na sikumwagiza."

"Ulitishia kutengua uamuzi wake?"

Ukweli wa mambo, Howard akasema, ni kwamba Marriott hakusimamishwa. Swali likarudi. "Sikutengua uamuzi wa Derek Lewis." Likarudi. Akasema aliomba ushauri kuhusu anachoweza na asichoweza kufanya. Likarudi, safari hii na jina lake mwishoni, "Bwana Howard". Akasema aliufuata ushauri huo kwa uangalifu mkubwa. Likarudi.

Sasa chukua vitenzi hivyo uviweke mezani kama mchambuaji mchele. Kuna kuagiza. Kuna kutengua. Kuna kutishia kutengua. Howard alikana viwili vya kwanza, tena kwa nguvu, na kwa yote tunayoyajua alikuwa anasema kweli: Marriott hakusimamishwa, uamuzi wa Lewis ulisimama. Lakini hakuna aliyekuwa amemtuhumu kwa hayo. Lewis hakusema "alitengua", alisema alitishiwa. Tendo linaacha alama kwenye faili: barua, saini, tarehe. Tishio huishia hewani chumbani, na lisipofanikiwa ndiyo kabisa, halibaki na ushahidi ila kwenye vichwa vya waliokuwepo.

Msikilizaji anayesikiliza huku anapika hatagundua tofauti hiyo. "Sikutengua uamuzi wake" inasikika kama jibu kamili la "Ulitishia kutengua uamuzi wake?" Maneno ni yaleyale, yamepungua moja tu. Mgeni mjuzi hujibu swali la jirani, swali linalofanana na lako kama pacha, na anakutazama machoni akifanya hivyo. Howard alikuwa wakili wa ngazi ya juu kabla ya siasa. Kazi ya maisha yake ilikuwa kuwauliza watu mahakamani maswali ya namna hii, na bila shaka alijua amekalia kiti gani.

Kwa hiyo kurudia kwa Paxman hakukuwa ubishi. Kila aliporudia lile neno "kutishia", alikuwa anamwonyesha mtazamaji ni neno lipi limekosekana kwenye jibu. Mara ya kwanza na ya pili huoni kitu. Kufika ya tano, hata mtu asiyejua Parkhurst ipo bara gani anaanza kusikia pengo. Naamini kama swali lingebadilishwa kila mara, liwe leo "ulimlazimisha?", kesho "ulimshinikiza?", Howard angepenya, kwa sababu kila neno jipya linafungua uchochoro mpya. Paxman aliliacha vilevile, halina nukta iliyoongezwa.

Nikumbuke ya kwetu kidogo. Asubuhi moja tulikuwa na mgeni wa serikali, mtu mwenye dhamana ya mradi wa maji uliokwama. Mimi na mtangazaji tulikuwa tumepata nakala ya hati ya malipo. Mkandarasi alikuwa amelipwa sehemu kubwa kabla bomba halijafukiwa, na hati ilikuwa na saini ya mgeni wetu. Swali lilikuwa na maneno machache: "Mheshimiwa, saini hii ni yako?" Nililiandika kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa. Taa ya studio ikawaka, na mtangazaji wetu, kijana hodari ambaye jana yake alikuwa ananiambia leo patachimbika, akasema hivi: "Mheshimiwa, wananchi wanalalamika sana kuhusu maji, mradi umechelewa, kuna tetesi kwamba mkandarasi kashalipwa, na mvua hizi nazo zimekuwa changamoto, sasa unawaambia nini wananchi?"

Unawaambia nini wananchi! Kama kuna sentensi ningeifuta kwenye redio zetu zote kuanzia Mombasa hadi Mbeya, ni hiyo. Umempa mgeni vitu vinne achague, halafu ukamkabidhi kipaza sauti ahutubie. Akachagua mvua. Akaongea dakika sita. Akawaambia wananchi wawe na subira, serikali yao ni sikivu. Mtangazaji akaona aibu, akapandisha sauti, akaanza kumkatiza: "Lakini Mheshimiwa! Lakini Mheshimiwa!" Simu zilizopigwa baadaye zilimtetea mgeni, kwa sababu kwa masikio ya msikilizaji kijana ndiye aliyekosa adabu. Hati ya malipo ilibaki mezani imefunikwa na kikombe cha chai.

Hapo ndipo nilipoirudia ile video ya 1997 kwa jicho jingine, nikakiona kitu nilichokuwa nakipita kila siku. Paxman anasifika kwa ukali, uso wake wa kudharau ulikuwa maarufu Uingereza nzima, lakini katikati ya mvutano ule anaomba radhi. Anasema samahani, nitakuwa mkosefu wa adabu sana, lakini hili ni swali la ndiyo au hapana. Mara mbili baadaye anatanguliza "kwa heshima". Kwa heshima, hujajibu kama ulitishia kutengua uamuzi wake. Kule kuomba radhi kulimfanyia kazi. Kulimtangazia mtazamaji kwamba mwulizaji anajua mipaka ya ugeni na mwenyeji, na anaivuka kwa sababu amelazimishwa. Kosa likahamia upande wa pili wa meza.

Nasi tunasema Kiswahili hakiruhusu mahojiano makali kwa sababu kimejaa heshima! Lugha yenye niwie radhi, uniruhusu nikukatishe, naomba nirudi nyuma kidogo, kwa ridhaa yako Mheshimiwa, hiyo ni lugha yenye ghala zima la zana za kumrudisha mtu kwenye swali bila kumpandishia sauti. "Nimekusikia, Mheshimiwa, na nashukuru kwa ufafanuzi kuhusu mvua. Saini hii ni yako?" Hakuna msikilizaji atakayepiga simu kulalamika kwamba umemvunjia mtu heshima.

Turudi studio London. Howard alipobanwa zaidi alisema jambo ambalo kwangu ndilo lililo karibu na jibu kuliko yote aliyoyasema. Alikiri kwamba alizungumza na Lewis, akampa maoni yake, na akampa maoni hayo kwa lugha kali. Lugha kali. Halafu akarudi mahali pake: lakini sikumwagiza, kwa sababu sikuwa na mamlaka hayo. Paxman hakulidaka neno hilo. Angeweza kuuliza: lugha kali gani, ulisema maneno gani? Alirudi kwenye swali lake lilelile. Wengi hawalitaji hili, na mimi naliona ni kasoro. Ung'ang'anizi una bei yake. Ukishikilia mlango mmoja kwa mikono yote miwili, hutaona mwingine ukifunguka pembeni. Pengine swali la "ulisema nini hasa?" ndilo lingemtoa jasho kuliko "ndiyo au hapana", kwa sababu lisingeweza kujibiwa kwa habari za mamlaka.

Kwa nini asiseme tu "hapana"? Nimelijadili hili na watu wengi, na kila mmoja ana lake. Mimi naona alikuwa na milango mitatu, yote mibaya. "Ndiyo" ingeivuruga hoja aliyoijenga bungeni mwaka 1995. "Hapana" ingekuwa kumwita Lewis mwongo mbele ya taifa zima, katika wiki ambayo naibu wake wa zamani alikuwa anasema Lewis ndiye mkweli. Mlango wa tatu ni ule ambao wanasiasa wengi wa kwetu wangeukimbilia bila kufikiri: "Sikumbuki." Wakati mwingine huwa ni jibu la kweli, na mtangazaji hana la kufanya nalo. Lakini Howard alikuwa ameshajizuia mwenyewe. Mtu anayekumbuka kwa uhakika kwamba hakuagiza na hakutengua, anayekumbuka na ushauri aliopewa, atasemaje hakumbuki kama alitishia? Tena ni mtu anayeomba kukabidhiwa chama. Akabaki ukumbini, kati ya milango.

Kuhusu ndiyo au hapana niongeze jambo, kwa sababu silaha hii imechakazwa. Swali la namna hiyo ni la haki pale tu linapohusu tendo lililokwisha kufanyika, la mtu aliyekaa mbele yako, ambalo yeye mwenyewe hawezi kutolijua. Ulisaini? Ulikuwepo kikaoni? Ulitishia? Ukilipeleka kwenye sera linakuwa uonevu. Kumwambia waziri wa fedha "utapunguza kodi, ndiyo au hapana" ni kumtaka abashiri mbele ya bajeti, na akikataa kujibu hajakwepa, amefanya kazi yake. Watangazaji wengi waliomwiga Paxman waliibeba sauti yake wakaipeleka kwenye maswali ya aina hiyo, wakashangaa kwa nini wanaonekana wanagomba na mgeni badala ya kumhoji.

Halafu kuna habari ya kanda. Miaka kadhaa baadaye Paxman mwenyewe alieleza kwamba sehemu ya sababu ya kurudia swali ni kuwa kanda ya habari iliyokuwa ifuate haikuwa tayari, na aliambiwa aendelee kujaza muda. Watu husimulia hili kama kichekesho cha kuishusha hadithi: kumbe ushujaa wote ule ulikuwa ni kuvuta muda! Mimi aliyekaa chumba cha mitambo nalisoma tofauti. Kila anayefanya kazi ya mubashara anajua kinachotokea mtu akiambiwa sikioni "bado, endelea". Mtangazaji asiyejiandaa hukimbilia maswali mapana: na mustakabali wa chama je, na familia inasemaje? Paxman alipopewa dakika za ziada asizozitarajia, kitu pekee alichokuwa nacho mkononi ni lile swali na ile karatasi. Akavitumia. Dakika zilezile, mikononi mwa mtu mwingine, zingekuwa hotuba ya kampeni ya Howard.

Tulipata nini hasa usiku ule? Kama lengo la mahojiano ni kupata habari, kikao kile kilishindwa. Hakuna aliyetoka akijua kilichosemwa chumbani Januari 1995. Paxman mwenyewe alifika mahali akaliacha, akahamia jambo jingine, na Howard alikuwa bado amekaa, tai imenyooka, hajasema ndiyo wala hapana. Walichokipata watazamaji ni picha ya mtu asiyejibu, ndefu kiasi cha kutosha kuonekana. Ina thamani yake, ila tusiichanganye na jibu.

Wala si mahojiano yale peke yake yaliyomwangusha. Widdecombe aliendelea kumshambulia, na tarehe 19 Mei alisimama bungeni kuieleza kesi yake kwa kirefu. Kura ya kwanza ya uongozi ilipigwa tarehe 10 Juni. Kati ya wagombea watano Howard alikuwa wa mwisho kwa kura 23, nyuma ya Peter Lilley aliyepata 24. Uongozi ukaenda kwa William Hague.

Howard alirudi. Novemba 2003 alikabidhiwa chama bila kupingwa, na mwaka uliofuata akawa tena mbele ya Paxman. Paxman akalitoa lile swali mfukoni. Howard akacheka, akamuuliza kama kweli anataka kuyarudia hayo yote, kisha akasema: kwa kweli, hapana, sikutishia. Umeridhika sasa?

Lilikuwa neno moja tu, na lilimchukua miaka saba.